Nyama ya Dirishani

Tulimzika Verona Ngoie siku ya Jumamosi asubuhi, na mchana ule ule tukarudi Bellevue, hapa Johannesburg, kula. Chumba chake ni kile cha mbele, ambacho zamani kilikuwa sebule ya wazungu wenye nyumba. Sasa kimekatwa kwa mbao katikati, upande huu Verona na binti yake, upande ule fundi cherehani wa Uvira anayekohoa. Dari bado ina ua kubwa la plasta, la enzi zile, na ile mbao imepita katikati ya ua, nusu ikabaki kwa Verona, nusu kwa fundi. Wanawake walikuwa wamepika bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na kuku. Mimi walinikalisha kwenye kiti cha marehemu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukikalia na magoti yangu hayakubali tena mkeka. Nikapewa sahani. Nyuma ya mlango wa jikoni vijana walikuwa wanaongea, wakidhani masikio yangu yamezeeka kama magoti.

"Huyo Koko, huyo bibi kwenye kiti, ndiye mwenzake marehemu wa dirishani?"

"Ndiye. Amebaki peke yake. Walikuwa kumi na wawili, waliwashinda Wabelgiji kwa kusimama tu."

"Bila hata jiwe?"

"Bila hata jiwe moja."

"Eish. Sisi hapa tunakimbia tukiona watu watatu wameshika fimbo."

Nikaiweka sahani magotini. Nikameza maji, nikaangalia lile ua la nusu pale juu. Miaka sitini nimesikia maneno hayo, kumi na wawili, kumi na wawili, na kila Verona alipokuwa pembeni, alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Sasa hayupo wa kutikisa. Shule nilisoma kwa masista miezi saba, naandika kama mtu anayechambua mchele, punje moja moja, na Bi Zuhura wa Tanga, jirani yangu, ananisahihisha na kunisuta kwa Kiswahili changu cha Kongo. Lakini majina nayakumbuka yote. Nyumba hii wananisifu kwamba nina kipaji. Si kipaji. Katika orodha ile kuna jina moja lililokaa vibaya, na kwa ajili ya hilo moja nimelazimika kuyashika mengine yote. Jina lenyewe ni langu, Anastazia.

Mwaka ule ulikuwa wa tatu kabla ya uhuru wa Kongo. Mji ambao leo ni Lubumbashi uliitwa Elisabethville, mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, Verona kumi na minane na tayari mke wa mtu. Nilimwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Tulikaa Kamalondo, upande wa weusi. Kati yetu na mji wa wazungu palikuwa na uwanja mtupu wa majani na reli, nao waliuita zone neutre. Watu wazima walituambia uwanja ule ulipimwa kwa mbu: mbu akimuuma mtu wa Kamalondo, achoke na kufa njiani kabla hajamfikia mzungu. Sisi ambao si mbu tuliuvuka kila asubuhi, wanaume kwenda kwenye tanuru za shaba, wanawake kwenda kufua, na mimi kwenda kulea mtoto. Nilikuwa boyesse, ndivyo walivyotuita watumishi wa kike, na mtoto wangu aliitwa Brigitte, miaka minne, nywele kama manyoya ya kifaranga, mkono wake una jasho siku zote. Mama yake alikuwa mke wa injinia. Hakuwahi kunipiga. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kuuliza.

Nyama tulinunua kwa Madame Odette. Bucha lake lilikuwa na mlango wa kioo barabarani wenye kengele, sakafu ya vigae, na karatasi nyeupe ya kufungia. Huo ulikuwa mlango wa wazungu. Sisi tulizunguka kwenye kichochoro cha pembeni, juu ya mfereji, ambako palikuwa na dirisha la mbao dogo kama la kulishia kuku. Wazungu wakishaisha, dirisha linafunguka. Unaingiza hela, unaingiza mkono, unavuta ulichopewa, kimefungwa kwenye gazeti la juzi. Mifupa, mafuta, kando za nyama zilizoanza kuwa kijani. Tuliiita nyama ya dirishani, na hata nyumbani mtoto akiuliza leo tunakula nini, mama alijibu, "Dirishani," mtoto akaelewa na kununa. Mizani hatukuiona. Tuliisikia tu, ting, halafu mkono wa Madame Odette unatokea. Mama Helena Banza, aliyekuwa mfuaji na mkubwa kuliko sote, alisema hakuna mizani kabisa. "Ni kijiko," alisema. "Anagonga kijiko kwenye kikombe. Mimi nimeosha vyombo vya wazungu miaka mingapi? Naujua mlio wa kijiko."

Mimi niliijua mizani. Hili lazima niliseme mapema. Niliiona kila wiki, kwa sababu nikiwa na Brigitte niliingia mlangoni. Mtoto wa kizungu hawezi kusimama kwenye kichochoro juu ya mfereji, na mtoto wa miaka minne hawezi kuingia peke yake, kwa hiyo mkono wake ulinivuta mimi pia ndani. Kengele ililia kwa ajili yetu wote wawili. Siku yangu ya mapumziko, bila Brigitte, nilisimama dirishani kama wenzangu, na Madame Odette yule yule hakunijua. Sikuwahi kuwaambia. Waliponiuliza, Nasta, wewe unapitaga wapi, nilijibu, pale pale. Ningeliwaambia siku ile ya kijiko, labda mengine yasingelitokea.

Masika yalipoanza mfereji ulifurika. Asubuhi moja tulisimama maji yakiwa yamefika katikati ya miguu, maji yenye damu iliyosafishwa kutoka kwenye sakafu ya vigae, na dirisha halifunguki kwa sababu wazungu hawajaisha. Agnes Mujinga alikuwa na mimba ya miezi minane. Verona alitazama maji yale yakizunguka miguu ya Agnes, akatazama dirisha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imeisha, "Mimi hapa sirudi tena. Nitapita mlangoni."

"Utapita na nani?" Agnes akamuuliza.

"Na wewe. Ukishajifungua."

Tukaanza kukutana jikoni kwake kila Jumapili baada ya misa. Jiko lile lilikuwa la mabati, jembamba, na sote tulikaa kwa kubanana, magoti kwa magoti, huku sufuria ya maharage ikitoka jasho katikati yetu. Verona aliweka masharti. Mtu aoge. Avae kitenge chake kizuri kuliko vyote, na viatu. Asiye navyo aazime. Asipige kelele. Aseme bonjour madame, aombe kilo yake, basi. Na tangu leo, mpaka sote tupite mlangoni, hakuna wa kuweka mkono dirishani. Mimi ndiye niliyewafundisha Kifaransa, kwa kuwa nilikisikia kazini. Agnes alijifunga mto tumboni juu ya mimba yake ili awe mnene kama Madame Odette, akakaa nyuma ya meza.

"Makaku nyinyi, nyani nyinyi! Nani amewafungulia?"

"Bonjour, Madame," tukasema. "Un kilo, s'il vous plaît."

"Silivupele," akasema Mama Helena.

"Si silivupele, Mama. Tafadhali kwao ni: S'il vous plaît."

"Mdomo wangu umezoea muhogo, mtoto wewe, uniache. Atakayekataa kunipa nyama kwa sababu ya hiyo silivupele, alikuwa hataki kunipa toka mwanzo."

Tulicheka mpaka Agnes akashika tumbo na Verona akamvua mto kwa hofu. Kisha Verona akatuuliza kama katekista, tukajibu kwa pamoja. Ukitukanwa? Nanyamaza. Ukisukumwa? Nakaa chini. Akikuita wewe peke yako uje mbele? Siendi, mpaka wote. Hilo la mwisho alilirudia. Alizunguka mmoja mmoja, na kila mmoja alisema kwa mdomo wake, siendi mpaka wote. Aliponifikia mimi nilisema kwa sauti kuliko wengine.

Wiki zilipita tukila sombe tupu, maharage, na samaki wakavu wadogo. Majiko yetu yalinukia tofauti. Ilunga, mume wa Verona, alirudi kutoka kwenye tanuru, akafunua sufuria, akaifunika. "Nayeyusha shaba tangu alfajiri," alisema, "nirudi nile majani kama mbuzi?" Verona akamjibu, "Mbuzi akitaka nyama aende dirishani mwenyewe, njia anaijua." Hakwenda. Alikula majani akinung'unika, na Jumapili moja nikamkuta amekaa nje ya jiko, anazuia watoto wasitusumbue, huku akijifanya anatengeneza baiskeli isiyoharibika. Agnes akajifungua mtoto wa kike. Arobaini ya mtoto ilipopita, Verona akasema, Jumamosi.

Niliomba ruhusa kwa mama yake Brigitte. Nilisema nina msiba. Akanitazama kwa huruma, akasema pole, lakini siku hiyo ana wageni, niende msibani Jumapili. Jumamosi asubuhi alinipa kikapu, barua ya kuagizia nyama, na mkono wa Brigitte. Njia nzima nilikuwa napanga. Nitamwacha mtoto mlangoni. Hapana, atapotea. Nitasimama naye ndani ya mstari, tuone watafanya nini. Ndiyo, hivyo. Nilipanga vizuri kabisa, na hata nilimwambia Brigitte, leo tutasimama kidogo, usilie.

Nilipofungua mlango wa kioo walikuwa wameshafika. Wanawake kumi na mmoja, kwenye vigae, mstari mmoja ulionyooka kama wa komunyo. Sijawahi kuwaona wazuri hivyo. Mama Helena alikuwa amevaa viatu vya kiume. Agnes alikuwa na mtoto mgongoni. Wazungu wanne au watano walikuwa wamebanana upande wa pili, wakiangalia saa zao, na Madame Odette alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya marumaru, shingo nyekundu, kisu mkononi, hajui akianzie wapi kitu kilichonyamaza. Alikuwa ameshatukana, ilionekana. Maneno yalikuwa yamemwishia. "Bonjour, Madame," akasema Verona, taratibu, naona si mara ya kwanza. "Un kilo, s'il vous plaît."  Kisha kengele ya mlango ikatulia juu ya kichwa changu, na Madame Odette akaniona.

Uso wake ulifunguka. "Ah!" alisema, na akaacha Kifaransa, akasema kwa Kiswahili chao cha kuamrisha, ili kila mtu aelewe. "Wewe, boyesse, kuja hapa mbele. Wewe ingia. Wewe iko na mtoto mkononi."

Nimeisikia sentensi hiyo miaka sitini. Ningeweza kubaki mlangoni. Ningeweza kusogea hatua mbili tu, nikasimama nyuma ya Bernadeta Mwansa aliyekuwa wa mwisho, Brigitte na jasho lake la mkono na kila kitu. Mdomo wangu uliyajua maneno, nimeyasema kwa sauti kuliko wengine. Lakini miguu yangu ilikuwa imezoea kwenda mbele ndani ya chumba kile. Ilikwenda. Nilipita pembeni ya kumi na mmoja wote, bega kwa bega, na nilisikia harufu ya sabuni yao. Hakuna aliyeninyooshea mkono, hakuna aliyeniita. Walikuwa wameahidi kunyamaza, wakanyamaza hata kwangu. Madame Odette alipima kilo mbili za nyama nyekundu, ting, akaifunga kwenye karatasi nyeupe, akanipa kwa mikono miwili kama zawadi. "Mnaona?" akawaambia. "Mwenye adabu anapata." Polisi walikuwa wanaingia wakati mimi natoka. Brigitte aliniuliza kwa nini wale mama wamekaa chini sakafuni. Nikamwambia wamechoka.

Wengine waliachiwa jioni ile. Verona na Mama Helena walilala ndani siku nane. Katika siku hizo sikula vizuri, na nisiseme ni kwa sababu ya huzuni; nilikuwa naogopa siku ya tisa. Kwetu mtu akitoka ndani humwendei mikono mitupu. Nami sikuwa na kitu, isipokuwa mama yake Brigitte, kwa kufurahi kwamba wageni walikula vizuri, alikuwa amenipa kipande cha nyama ya wiki ile. Nikakipeleka. Niliingia jikoni kwa Verona, nikaweka mezani kifurushi cha karatasi nyeupe, na nilipokiona mezani pale ndipo nilipojua nimefanya nini. Ilunga alisimama, akatoka nje, akaanza kuigonga gonga baiskeli yake.

Verona alikuwa amekonda. Aliifungua karatasi polepole, akaigusa kwa ncha ya kidole. "Imepimwa?" akauliza.

"Imepimwa, Yaya."

"Mizani uliiona?"

"Niliiona."

"Ni kijiko?"

"Hapana. Ni mizani kweli. Ina sahani mbili za shaba, na katikati sindano nyekundu. Sahani zikilingana, sindano inasimama. Ukiigusa inalia."

Alinisikiliza kama mtoto anayesimuliwa. Siku ile alisimama mbali nayo hatua tano tu, lakini mzungu mmoja mrefu alikuwa amesimama mbele ya mizani, asione. Aliniuliza ina ukubwa gani, nikamwonyesha kwa mikono. "Sahani za shaba," akasema. "Labda aliiyeyusha Ilunga." Kisha akaikata ile nyama, akaipika kwa vitunguu, akaniwekea sahani, akala na mimi.  Bora angenitukana. Mpaka leo nikila nyama laini nasikia ile sindano.

Hakuna aliyerudi dirishani. Kumi na mmoja wakawa mtaa, mtaa ukawa Kamalondo nzima, na kabla mwaka haujaisha Madame Odette aliliziba lile dirisha kwa matofali. Wengine walisema ni amri ya serikali, wengine walisema ni nyama iliyomwozea. Tukapita mlangoni. Alitupimia bila kututazama usoni, na bado kwa gazeti, lakini tuliona mizani. Baadaye vijana wa vyama vya siasa walikuja jikoni kwa Verona na daftari, wakitaka majina ya wanawake wa dirishani. Akayataja moja moja, akamaliza kumi na mmoja. Kijana akauliza, ni hao tu? Verona akanitazama. Mimi nilikuwa nachambua maharage. "Kumi na wawili," akasema. "Andika Anastazia. Alitufundisha Kifaransa." Wakaandika. Nikaendelea na maharage. Ndivyo nilivyoingizwa kwenye mstari ule, jikoni, nimekaa, kwa huruma ya mtu niliyempita.

Sitaandika vita wala njia zilizotuleta Johannesburg. Kila nyumba ya mtaa huu ina hadithi hiyo. Tulikutana tena wazee, vyumba viwili tofauti ndani ya nyumba moja, na watoto wakatufanya mashujaa wao. Mjukuu wangu Didier, mlinzi wa maghala kule Midrand, ana binti aliyezaliwa hapa. Majirani wanamwita Thandi, lakini jina tulilompa nyumbani ni Verona, na yeye na mzee Verona wakawa wanaitana majina, kama tunavyoitana kwetu watu wa jina moja. "Majina yangu," mzee alimwita, na mtoto akajibu kwa Kizulu. Kiswahili anakielewa chote, anakataa tu kukisema. Bi Zuhura anasema ulimi wake umechukua uraia kabla ya baba yake.

Jumatatu ya wiki ile tuliyomzika, wakati wa likizo ya shule, miguu ya Verona ilikuwa imevimba na pumzi inamkatika akivaa tu. Tukaenda kliniki, yeye, mimi, na Thandi wa kutusemea. Getini palikuwa na mlinzi na mwanamke mwenye karatasi. Wenye kitambulisho cha hapa, mstari wa kivulini. Wageni, kule kwenye uzio, juani, wasubiri wenyeji waishe. Alisema hivyo bila ukali, kama anayeelekeza njia. Weusi kwa weusi, jamani. Sikuwa na umri wa kuliona hilo pia. Mlinzi akamwonyesha Verona uzio. Verona hakwenda. Alisimama pale katikati ya sementi, akaweka sawa kitenge chake, akawasalimu kwa Kizulu, "Sanibonani."

Mlinzi akamwita bibi kwa lugha yao: "Gogo, huku kwenye uzio."

"Sanibonani," akasema tena, taratibu.

 Nilijua niko wapi. Niko jikoni Kamalondo, magoti kwa magoti. Nesi akatoka mlangoni, kijana, amechoka, akamwona mtoto. Akamuuliza kitu. "Ugogo wami uyagula," Thandi akajibu, bibi yangu anaumwa. Alikuwa anamsema Verona, majina yake. Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu mimi, na nesi akafuata mkono. "Woza, gogo," akaniita niingie, akaniwekea mlango wazi.

Nikamgeukia Verona. Nilitaka aseme usiende. Alikuwa anapumua kwa mdomo, na usoni kwake hapakuwa na hasira hata kidogo. "Ingia, Nasta," akasema. "Wewe una mtoto mkononi."

Miaka sitini hakuwahi kuitamka sentensi ile ya Madame Odette. Nilijiambia naingia ili nimsemee. Ndani walinifunga mkono kwa kitambaa cha mashine, kikavimba, nesi akasema presha yako iko juu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu, si mimi, ni dada yangu, yuko nje. Akaacha kuandika. "Ni mtu wa hapa?" akauliza kwa Kiingereza, nikamwelewa. Nikaona swali la pili linakuja nyuma ya la kwanza, na wewe je? Nikanyamaza. Adabu ile ile. Akanipa vidonge kwenye mfuko mdogo wa karatasi nyeupe.

Nje nilimkuta amekaa chini kwenye sementi, miguu imenyooka mbele. Sijui kama alisukumwa au alichoka. Mlinzi alikuwa amemwambia arudi kesho, mapema. Akautazama mfuko wangu.

"Walikupima?"

"Walinipima, Yaya."

"Na mizani uliiona?" akauliza, akacheka, cheko likageuka kikohozi, Thandi akampigapiga mgongoni. Nyumbani nilimpa vidonge vyangu. Alivimeza mbele yangu, kama alivyokula ile nyama. Kesho yake hakuweza kusimama. Alhamisi, nikiwa jikoni nakoroga uji wake, binti yake aliniita kwa sauti ambayo haikuhitaji maneno.

Basi Jumamosi ile ya mazishi, walipomaliza kula, mchungaji alisimama chini ya lile ua la nusu akasema vijana wanataka kusikia majina kutoka kinywani mwa aliyebaki. Simu zikainuliwa. Nilikuwa nimeamua. Nikayataja, taratibu, kama Verona alivyomtajia yule kijana wa daftari. Nikafika kumi na moja, nikafunga mdomo.

"Na wewe, Mama," akasema mchungaji.

"Mimi sikuwemo," nikasema. "Mimi niliitwa mbele, nikaenda."

 Kisha mtu akasema, "Sikieni unyenyekevu huo," na mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wakapiga makofi, na vijana wakaita jina langu, Anastazia, Anastazia, mpaka fundi wa Uvira akagonga mbao kutoka upande wake akishangilia. Thandi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama, mikono yake mgongoni.

Kwa hiyo naandika hapa, ambapo karatasi haiwezi kunipigia makofi. Walikuwa Verona Ngoie, Agnes Mujinga, Helena Banza, Tereza Kalenga, Maria Kabedi, Julienne Monga, Safi wa Musa, Odia Kasongo, Filomena Kyungu, Ida Mukalay na Bernadeta Mwansa. Nyuma ya Bernadeta palikuwa na nafasi, hatua mbili kutoka mlangoni, vigae vikavu, visafi. Hapakuwa na mtu.